Wa kiume au wa kike, watatu au wanne: hesabu ya watoto wa kifalme ina uzito gani leo?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina mabinti watatu, na mimi na baba yao tumeridhika. Lakini kila zinapotoka habari za familia ya kifalme ya Uingereza huwa nasoma yanayosemwa na watu, na moyo unaniuma. Kate, yaani Catherine mke wa William mrithi wa kiti, alipopata mtoto wa tatu, wengine walisema watatu ni wengi mno kwa zama hizi. Wengine mpaka leo wanamtaka aongeze wa nne ili binti yake Charlotte apate mdogo wa kike. Kuhusu Japani, watu wanamhurumia mfalme kwa sababu ana binti mmoja tu, kana kwamba hana mtoto. Je, jinsia ya mtoto bado ina uzito kisheria? Na idadi ya watoto wao inamhusu nani? Binti yangu wa mwisho ameniuliza kama Charlotte anaweza kuwa malkia, nikakosa jibu."

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama pale ulipoandika "kana kwamba hana mtoto", kwa sababu maneno hayo manne yamebeba miaka mingi ya historia ninayoifundisha.

Nianze na jibu fupi. Kwa Uingereza, mtoto yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011 anarithi kwa zamu ya kuzaliwa tu, awe wa kike au wa kiume. Kwa Japani, binti hawezi kurithi kabisa. Na kuhusu idadi, watoto wa William na Catherine hawampunguzii wala kumwongezea mlipa kodi hata senti moja kwa namna watu wanavyodhani. Jibu refu ni kwamba wanaobishana kuhusu matumbo ya wake wa wafalme wanarudia, kwa mazoea, maswali ambayo zamani yalikuwa ya kufa na kupona. Sheria imeyaondoa maswali hayo mezani, lakini ndimi zetu bado hazijapata habari.

Zamani mtoto wa mfalme alikuwa suala la usalama wa nchi. Mfalme akifa bila mrithi anayekubalika na wote, watu walishika silaha. Ndiyo maana Mfalme Henry VIII alikosana na Papa, akaitenga Kanisa la Uingereza na Roma mwaka 1534, yote yakiwa yamechochewa na kiu ya mtoto wa kiume. Mke wake wa kwanza, Catherine wa Aragon, alibeba mimba kadhaa na aliyekua ni binti mmoja, Mary. Mke wa pili, Anne Boleyn, alijifungua tarehe 7 Septemba 1533. Barua za kutangaza kuzaliwa kwa mwana wa mfalme zilikuwa zimeandikwa mapema. Alipozaliwa binti, ikabidi makarani wabanze herufi moja ya ziada mwishoni mwa neno ili "mwana mfalme" asomeke "binti mfalme". Barua hizo zipo hadi leo, na herufi ile iliyobanwa pembeni inaonyesha jinsi mtoto alivyopokelewa siku yake ya kwanza duniani. Binti huyo ni Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala tangu 1558 hadi 1603, na ambaye Waingereza mpaka leo humtaja miongoni mwa watawala wao bora. Mwana wa kiume aliyetafutwa kwa gharama yote ile, Edward, alifariki akiwa na miaka 15.

Hapa niseme jambo ambalo kila mzazi wa mabinti anapaswa kulijua, kama hajalijua bado. Yai la mama daima hubeba kromosomu ya X. Mbegu ya baba ndiyo hubeba X (wa kike) au Y (wa kiume), na ndiyo inayoamua. Malkia waliofukuzwa, kutalikiwa na hata kukatwa vichwa waliadhibiwa kwa jambo ambalo miili yao haikuwa na sauti ndani yake. Henry hakulijua hilo. Sisi tunalijua, kwa hiyo hatuna kisingizio.

Watu wanaosema "wazae wengi, huwezi jua" wana hoja inayosikika vizuri. Akiba haiozi, na mtoto wa pili wa kifalme amekuwa akiitwa akiba kwa karne nyingi. Lakini historia ya kiti kile kile cha Uingereza inawakatalia. Malkia Anne alishika mimba zisizopungua 17. Nyingi ziliharibika au watoto walizaliwa wakiwa wafu, na aliyefika mbali zaidi, William, alifariki mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kukipeleka kiti kwa ndugu wa mbali wa Hanover, Ujerumani. Mimba 17, na hakubaki mtoto wa kumzika mama yake. Ninapowasikia watu wakizungumzia uzazi wa kifalme kama hesabu ya dukani, huwa namkumbuka mwanamke huyo.

Mfano wa George III una mafunzo zaidi, maana yeye alipata watoto 15. Mwaka 1817 walikuwa hai 12, wanaume saba na wanawake watano, wote watu wazima. Mtu angesema huyo ana akiba ya kutosha hadi mwisho wa dunia. Lakini kati ya wote hao, mjukuu halali alikuwa mmoja tu: Charlotte, binti wa mtoto wake wa kwanza. Wana wengine walikuwa wameishi na wanawake wasiotambuliwa kisheria, au hawakuoa, au walioa bila kupata mtoto aliyeishi. Mmoja wa wana hao, William, peke yake alikuwa na watoto 10 na mwigizaji Dorothea Jordan, na hakuna hata mmoja aliyeweza kurithi chochote. Charlotte alipendwa sana na watu. Mwezi Novemba 1817, baada ya uchungu wa zaidi ya siku mbili, alijifungua mtoto wa kiume aliyezaliwa mfu, na saa chache baadaye naye akafariki. Alikuwa na miaka 21. Nchi nzima ilivaa nyeusi, na daktari aliyemsimamia alijiua miezi michache baadaye.

Ndipo wale baba zake wadogo wa makamo wakaanza kukimbilia ndoa. Edward, mwenye cheo cha Duke wa Kent, aliachana na mwanamke aliyeishi naye miaka mingi, akaoa mjane wa Kijerumani mwaka 1818. Mei 1819 akazaliwa mtoto wa kike, Victoria, naye ndiye aliyekuja kushika kiti kwa miaka 63. Kwa hiyo mwenye watoto 15 aliokolewa na mjukuu mmoja wa kike. Hapo ndipo ninapoona hoja ya idadi na hoja ya jinsia zikianguka pamoja.

Lakini tusidhani mambo yalikuwa laini baada ya hapo. Kanuni ya Uingereza haikumkataza mwanamke kutawala, ila ilimpisha kaka, hata kama ni mdogo wake. Victoria alipojifungua mwaka 1840 alipata binti, naye akaitwa Victoria. Mwaka uliofuata akazaliwa mvulana, na dada mtu akasogezwa nyuma. Sasa fikiri: kama sheria ya leo ingekuwepo wakati ule, mama yake alipofariki Januari 1901 yeye ndiye angekuwa malkia. Angetawala miezi michache tu, kwa kuwa saratani ilimwua Agosti mwaka huo huo. Na mrithi wake angekuwa kifungua mimba wake, Wilhelm II, Kaiser wa Ujerumani. Mtu mmoja angeshika Berlin na London miaka 13 kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Huwa nawapa wanafunzi wangu mfano huu, si kwa sababu unatetea kanuni ya zamani, bali kwa sababu unaonyesha kwamba urithi haukuwa suala la familia tu. Wakati ule maoni ya watu yalikuwa na sababu. Mfalme alikuwa na mamlaka ya kweli, na nani azaliwe kabla ya nani kuliweza kubadili ramani.

Mfalme wa leo wa Uingereza hawezi kutangaza vita wala kutunga sheria kwa matakwa yake. Kwa hiyo kile kilichokuwa hofu kimebaki kuwa desturi, na desturi ilichukua muda mrefu ajabu kuondolewa. Sweden ndiyo iliyotangulia. Victoria wa Sweden alizaliwa 1977, mdogo wake Carl Philip akazaliwa Mei 1979 na kuwa mrithi kwa miezi saba hivi, kisha sheria mpya ikaanza tarehe 1 Januari 1980 na dada akarudishwa mbele. Baba yao hakufurahia jinsi mtoto wake alivyovuliwa nafasi aliyokuwa nayo tayari, na hakuficha hilo. Uholanzi ikafuata 1983, Norway 1990, Ubelgiji 1991, Denmark kwa kura ya wananchi mwaka 2009. Uholanzi kwa kweli haikuhitaji kushawishiwa, maana ilikuwa chini ya malkia watatu mfululizo, Wilhelmina, Juliana na Beatrix, tangu 1890 hadi 2013. Mfalme wao wa sasa ana mabinti watatu kama wewe, na mkubwa wao, Amalia, ndiye mrithi. Huko hakuna anayemwonea huruma baba yao.

Uingereza ilikuwa na kikwazo chake: taji lile si lake peke yake. Wakati ule nchi 16 zilikuwa na mkuu wa nchi mmoja, zikiwemo Australia, Kanada na Jamaica, na zote zilipaswa kukubaliana. Zilifanya hivyo Perth, Australia, Oktoba 2011, miezi sita baada ya harusi ya William na Catherine. Sheria ya Uingereza ikapita 2013 na ikaanza kutumika Machi 2015, wiki chache tu kabla Charlotte hajazaliwa tarehe 2 Mei. Mdogo wake Louis alipozaliwa Aprili 2018, Charlotte hakusogea. Alibaki palepale. Tukio hilo halikuwa na kelele yoyote, lakini linganisha na Anne, dada wa Mfalme Charles. Anne alizaliwa 1950, akasogezwa nyuma na mdogo wake Andrew mwaka 1960, kisha na Edward mwaka 1964. Sheria haikurudi nyuma kumtendea haki, na hata watoto wa Edward wanafuata kanuni ya zamani: James aliyezaliwa 2007 yuko mbele ya dada yake Louise aliyezaliwa 2003.

Hata shangwe za kuzaliwa zimebadilika. Napoleon alipopata mtoto mwaka 1811, watu wa Paris walisimama barabarani wakihesabu mizinga. Binti angepigiwa 21, mvulana 101. Mlio wa 22 ndio uliolipua kelele za furaha mjini. Kwa George, Charlotte na Louis, Mnara wa London ulipiga mizinga 62 na bustani ya kifalme ikapiga 41, sawasawa kwa wote watatu.

Bado yapo mabaki. Katiba ya Hispania ya 1978 inampa mvulana nafasi ya kwanza. Leonor ni mrithi kwa sababu tu ana mdogo wa kike na hana kaka, na kubadili kipengele hicho kunataka Bunge livunjwe na wananchi wapige kura. Monaco mwaka 2014 walizaliwa mapacha. Gabriella alitoka dakika mbili kabla ya Jacques, na mrithi ni Jacques.

Kuhusu Japani nitakaa kidogo, maana ndiko kulikokuumiza. Sheria ya familia ya kifalme ya 1947 inaruhusu wanaume wa ukoo wa kiume pekee. Masako, mke wa mfalme wa sasa Naruhito, aliyekuwa mwanadiplomasia kabla ya kuolewa, alipoteza mimba mwaka 1999, akajifungua Aiko Desemba 2001, na shinikizo la kumtaka azae mvulana halikukoma. Mwaka 2004 ikulu ikatangaza kwamba anaugua maradhi ya akili yanayotokana na kushindwa kuzoea mazingira. Mumewe, wakati huo mrithi wa kiti, alisema hadharani kwamba kulikuwa na juhudi za kumnyima mkewe utu na kazi yake. Kwa mwanafamilia wa ikulu ile, hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Mwaka 2005 jopo la serikali likapendekeza wanawake waruhusiwe. Februari 2006 ikatangazwa kwamba Kiko, mke wa mdogo wake Naruhito, ni mjamzito. Pendekezo likawekwa kabatini, na Septemba akazaliwa Hisahito, mvulana wa kwanza katika familia hiyo kwa miaka 41.

Naomba uone jambo hapa. Kura za maoni nchini Japani zimerudia kuonyesha kwamba walio wengi sana wangemkubali mwanamke kwenye kiti hicho. Wala si jambo geni, kwani Wajapani wamewahi kutawaliwa na wanawake wanane katika historia yao. Wanaokataa ni kundi dogo lenye nguvu katika siasa. Kwa hiyo unaposoma huruma za watu kwa Mfalme Naruhito, usidhani ndiyo sauti ya Wajapani. Wengi wao wanamtaka Aiko. Na kanuni ile ile inayodai kulinda ukoo ndiyo inayoumaliza: binti akiolewa na mtu wa kawaida lazima aondoke, kama alivyoondoka Mako mwaka 2021, na leo warithi waliobaki ni watatu tu, mmoja wao akiwa amezaliwa 1935.

Sasa idadi. Watu huchanganya hesabu tatu tofauti: watoto wanaozaliwa, watu wenye vyeo, na watu wanaofanya kazi za kifalme. Fedha ambazo serikali ya Uingereza humpa mfalme hukokotolewa kwa asilimia ya faida ya mali za taji, si kwa idadi ya vichwa. Mtoto wa nne asingeongeza chochote. Malezi ya watoto wa William hulipwa kutoka mapato ya Duchy ya Cornwall, yaani ardhi na mali za mrithi wa kiti. Vyeo navyo vimewekewa mipaka tangu George V alipotoa hati yake mwaka 1917, na kwa mujibu wa hati hiyo, kama Charlotte angekuwa kifungua mimba, asingezaliwa na cheo cha binti mfalme. Elizabeth wa Pili alilirekebisha hilo mwishoni mwa 2012, kabla George hajazaliwa. Sweden iliwaondoa wajukuu watano katika nyumba ya kifalme mwaka 2019, na Malkia Margrethe wa Denmark alitangaza mwaka 2022 kuwavua wajukuu wanne cheo. Ukitaka familia ndogo ya kifalme, hiyo ndiyo njia yake. Huhitaji kumchunga mwanamke uzazi.

Tena sina hakika kwamba udogo ni jambo jema lenyewe. Anne alipoulizwa mwaka 2023 kuhusu mpango wa kuipunguza familia, alisema kwa mtazamo wake halionekani kuwa wazo zuri. Nakubaliana naye. Mwaka 2022 ilibidi Bunge lipitishe sheria kuwaongeza Anne na Edward katika orodha ya wanaoweza kukaimu kazi za mfalme, kwa kuwa miongoni mwa waliokuwemo, Andrew na Harry, mdogo wake William, walikuwa wameacha majukumu. Mwaka 2024 Charles na Catherine wakaugua saratani kwa wakati mmoja, na mzigo ukaangukia watu wachache, baadhi yao wakiwa na zaidi ya miaka 80.

Wanaotaja mazingira wana wasiwasi ninaouheshimu. Harry mwenyewe alisema mwaka 2019 kwamba angetaka watoto wasiozidi wawili, na wawili ndio alio nao. Huo ulikuwa uamuzi wake juu ya nyumba yake, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Ila kumgeuza Catherine darasa la uzazi wa mpango kwa ulimwengu ni kumsahau yeye. Katika mimba zote tatu aliugua kichefuchefu na kutapika kupita kiasi, ugonjwa ambao katika mimba ya kwanza ulimlaza hospitali. Anayesema "ongeza mmoja" anaagiza miezi hiyo irudi, ili yeye apate picha nzuri ya ndugu wawili wa kike.

Ninachokushauri, mama, ukikutana tena na maneno hayo: jiulize msemaji anajibu swali la mwaka gani. Mara nyingi utakuta ni la 1533.

Na binti yako mwambie hivi. Charlotte ni wa tatu katika foleni, nyuma ya baba yake na kaka yake George. Anaweza kuwa malkia ikiwa George hatapata mtoto. George akipata, Charlotte anasogea nyuma kwa sababu ya kuzaliwa wa pili, na si kwa sababu ni msichana. Louis yuko nyuma yake na atabaki nyuma yake. Kwa kuwa kifungua mimba safari hii alikuwa mvulana, sheria ya 2013 bado haijapata kazi pale juu kabisa. Itaipata siku mtoto wa kwanza wa George atakapokuwa wa kike: atakuwa mrithi tangu pumzi yake ya kwanza, na kaka zake, hata wakiwa watano, watasimama nyuma yake.